"Fundi, Windows Yangu Itaikubali Hii?" Basi la Kompyuta na Maana Zote za Neno Kusapoti

Kuna mzee mmoja ana duka la vipuri vya pikipiki pale Mwembe Tayari, mwezi uliopita kaja na kikadi kidogo kwenye mfuko wa plastiki, mpwa wake kamtumia kutoka Dubai. Kufungua naona ni diski ya NVMe, zile diski za kasi za siku hizi, imekalishwa juu ya kadi ya PCI Express, zile za kuchomeka ndani ya kompyuta ya mezani. Kompyuta yake yenyewe ni hizi eks-UK tunazozijua, ina miaka kumi na kitu, na imebeba Windows 7 kwa sababu programu yake ya stoo na mauzo haitaki kitu kingine chochote na kijana aliyeiandika ashahama nchi zamani. Mzee akaniuliza swali moja tu, mwanangu, Windows yangu itaikubali hii? Mimi bila kufikiri nikamwambia ndiyo mzee, PCI Express ni kitu cha tangu 2004 huko, Windows 7 ni ya 2009, itaikataaje.

Jibu lile lilikuwa kweli na lilikuwa uongo kwa pamoja, na lilinilia siku mbili nzima. Ndo nikaona nikae niliandike hili jambo vizuri, manake kila siku watu wauliza hii inasapoti, ile haisapoti, kana kwamba ni swichi ya taa, na si swichi ya taa hata kidogo.

Tuanze na neno lenyewe. Basi la kompyuta ni lile lile basi la abiria, limetoka kwenye omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote". Ni njia ambayo kadi ya sauti, kadi ya mtandao, diski na kila kitu kingine vinapanda kwenda kwa prosesa na kwenye RAM. Na kama mabasi yetu tu, kuna basi lenye utaratibu na kuna basi la kila mtu ajipange mwenyewe.

Lile la zamani, kwenye IBM PC ya 1981 na ndugu yake AT ya 1984, liliitwa ISA na lilikuwa la kila mtu ajipange. Kadi ukiichomeka haijui kujitambulisha, haina jina, na mfumo endeshi (DOS, Windows, Linux na wenzao) hauna namna ya kuuliza nani yuko kwenye sloti ya tatu. Wewe fundi ndo ulikuwa ushike koleo, usogeze vijampa, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini, juu ya kadi uchague nambari ya intarapti, yaani ile kengele ambayo kadi itampigia prosesa kumwambia njoo nina mzigo, halafu uende kwenye DOS uandike nambari ile ile kwenye faili la kuwashia. Kengele za kutumika kwenye AT zilikuwa 15, na nyingi zishachukuliwa na kibodi, saa, diski, printa. Kadi ya sauti ikitaka ya 5 na kadi ya mtandao nayo imekaa kwenye ya 5, moja yanyamaza ama zote mbili zanyamaza, na wewe huambiwi kwa nini. Walionifundisha kazi walikuwa na daftari, nambari zimeandikwa kwa penseli ili zifutike.

Mwaka 1987 IBM wakaleta basi jipya, Micro Channel, kwenye mashine zao za PS/2. Kiufundi lilikuwa zuri, kadi zilikuwa zajitambulisha zenyewe. Lakini kadi yako ya ISA haiingii humo hata kwa nyundo, na kampuni nyingine ikitaka kulitengeneza ilipe ada. Hapa mfikirie reli yetu. Ile ya zamani iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 upana wake ni milimita 1,000, SGR ya 2017 ni milimita 1,435, kwa hivo behewa la zamani halipandi juu ya reli mpya, na stesheni imehamia Miritini, wewe wa mjini tafuta gari la kukufikisha. Serikali ikiamua hivo imeamua. Sokoni kwa kompyuta hakuna serikali, watu wana kadi zao wamezinunua kwa pesa zao, wakaiangalia Micro Channel wakaipita. Mwaka uliofuata tu Compaq na wenzake wanane wakatangaza EISA, ambalo sloti yake ilikubali kadi za zamani. Na EISA nalo halikufika mbali, lilikuwa ghali, lakini somo lishaingia kichwani mwa kila mtu aliyekuja kutengeneza basi baada ya hapo, kwamba ukigeuza kila kitu kwa siku moja utabaki na stesheni tupu.

Sasa ndo Intel wakatoa PCI, 1992. Hii ndo ya kuielewa vizuri manake kila kitu tunachotumia leo bado kinaongea lugha yake.

Kila kifaa cha PCI kimebeba ndani yake kijitabu cha baiti 256. Mwanzoni kabisa mwa kijitabu pameandikwa nambari ya kiwanda na nambari ya kifaa. Nambari ya Intel ni 8086, jamaa walijipendelea wakachukua jina la prosesa yao ya zamani, na mimi nisingewalaumu. Kompyuta ikiwaka, BIOS kwanza, yaani ile programu ya kuwashia iliyokaa ndani ya mashine yenyewe, halafu mfumo endeshi, hupita nyumba kwa nyumba wakibisha hodi. Basi nambari sifuri, kifaa nambari sifuri, hodi? Mwenyeji akiwepo anajibu kwa nambari yake. Asipokuwepo jibu linalorudi ni FFFF, ambalo kwa hakika si jibu, ni waya zote zimebaki juu kwa kuwa hakuna aliyezishusha, na ndo maana hakuna kiwanda duniani kilichopewa nambari FFFF.

Baada ya jina linakuja swali la nafasi, kwa sababu kila kadi yataka kipande chake cha anwani ili prosesa aweze kuifikia. Na hapa kuna ujanja ambao mimi binafsi naupenda sana. Mfumo hauulizi wataka kiasi gani. Unaandika 1 tupu kwenye rejista ya anwani ya kadi, yaani kile kijisanduku cha kuwekea nambari, halafu unaisoma tena. Zile biti za chini ambazo kadi haikuzipokea zinarudi sifuri, na kwa kuangalia sifuri zimeishia wapi wajua kama kadi yataka kilobaiti 4 ama megabaiti 256. Ni kama kumwekea mgeni sinia zima la biriani halafu ukaangalia amebakisha wapi, hujamwaibisha kwa kumuuliza na ushajua tumbo lake.

Windows 95 ikajengwa juu ya utaratibu huu, kuchomeka na kutumia, ingawa kipindi kile watu wakacheza na Kiingereza chake wakasema ni kuchomeka na kuomba dua. Aprili 1998 Bill Gates mwenyewe alikuwa jukwaani kule Chicago kwenye maonyesho ya Windows 98, mwenzake akachomeka skana kwenye USB, skrini ikageuka buluu mbele ya ukumbi mzima. Ile ilikuwa USB si PCI, lakini ugonjwa ni mmoja, kifaa kimebisha hodi na mwenye nyumba hakujua la kufanya.

Kasi ya PCI nayo ilikuwa shida, na shida yake mtu wa Mombasa haelezwi mara mbili, ni feri ya Likoni. Megabaiti 133 kwa sekunde, zinagawanywa na kila aliye kwenye basi, na anayevuka ni mmoja tu kwa wakati mmoja na kwa upande mmoja, wengine wote mko gatini na mabeseni yenu ya samaki. Ukiongeza kadi ya mtandao ya kasi na kadi ya diski, mnapigania feri ile ile.

PCI Express ikaivunja feri. Mwanzoni walikuwa wakiiita 3GIO, jina hili la sasa likaja 2002, madabodi (ule ubao mkuu wa kompyuta) za kawaida zenye sloti zake zikafika madukani 2004. Badala ya basi moja la wote, kila kifaa kimepewa barabara yake mwenyewe, ya kwenda kando na ya kurudi kando, hadi kwa prosesa ama hadi kwenye swichi, ile ya kugawa njia si ya taa. Barabara moja ya toleo la kwanza ilibeba megabaiti 250 kwa sekunde kila upande, na ukitaka zaidi waongeza barabara, ndo zile x1, x4, x8, x16 unazoziona zimeandikwa kwenye madabodi. Waya zimebadilika, umeme umebadilika, sloti imebadilika, kadi ya PCI haiingii kwenye sloti ya PCI Express. Kwa macho yako ungesema haya, SGR nyingine hii, watu wataikimbia.

Hawakuikimbia, na sababu ni moja. Yale maswali ya hodi hayakuguswa. Kila barabara ya PCI Express inajionyesha kwa mfumo endeshi kama basi dogo la PCI lenye daraja mbele yake na kifaa kimoja nyuma yake. Kijitabu ni kile kile, nambari ya kiwanda iko pale pale, ujanja wa sinia la biriani ni ule ule. Windows XP imetoka 2001, wakati huo PCI Express haina hata jina hili, na ukiiweka kwenye madabodi ya 2004 ikawaka, ikabisha hodi, kadi zikaitika, ikafanya kazi miaka na miaka ikidhani inaongea na PCI ya kawaida tu yenye mabasi mengi kidogo. Reli mpya kabisa, lakini tikiti ya zamani inakubaliwa.

Kwa hivo hiyo ndo maana ya kwanza ya kusapoti, na ndo ya chini kabisa, hodi imeitikwa. Ndo niliyomjibu nayo mzee. Shida ni kwamba juu ya hiyo kuna ghorofa nyingine, na XP haikuwahi kupanda ngazi.

Ghorofa ya kwanza ni kile kijitabu chenyewe. Kwenye PCI Express kimeongezwa kutoka baiti 256 hadi 4096. Zile 256 za mwanzo unazisoma kwa njia ya zamani, zile za juu yake njia ya zamani haizifikii, lazima mfumo endeshi uangalie kwenye jedwali ambalo BIOS imeliacha, liitwalo MCFG, limwambie vijitabu vyote vimepangwa wapi kwenye anwani za kumbukumbu. Linux ya 2.6 ilianza kuongezewa mambo haya tangu 2004, Windows ikangoja mpaka Vista, 2007. Na Linux haikuliamini lile jedwali hivi hivi, manake waandishi wa BIOS, Mungu awasamehe, huandika mambo ambayo hayapo, kwa hivo inakagua kwanza kama eneo lile kweli limetengwa, la sivyo inarudi kwenye njia ya zamani na kuandika mstari wa malalamiko ambao hakuna anayeusoma.

Piga hesabu uone kitu. Mabasi 256, kila basi vifaa 32, kila kifaa kazi 8 (yaani vifaa vidogo ndani ya kifaa kimoja), kila kazi kijitabu cha baiti 4096. Yatoka megabaiti 256 za anwani kwa vijitabu peke yake. Na hapo ndo niliwahi kuitwa mwizi. Jamaa mmoja aliniletea mashine nimuongezee RAM ifike gigabaiti 4, nikaongeza, kufika nyumbani Kisauni anaangalia Windows yake ya biti 32 inamuonyesha 3.2 na ushee. Akarudi na kaka yake, mrefu huyo. Nikatoa RAM zote mbili nikawaonyesha zilivyoandikwa, bado hawaridhiki, kwamba fundi amebadilisha za ndani. Kumbe ukweli ni kwamba mfumo ule wa biti 32 una nambari za nyumba za gigabaiti 4 tu, basi, hazizidi, na katika hizo hizo vijitabu vyataka 256, kadi ya picha yataka 256 zake, kadi ya mtandao na wengine wote wataka vyao. RAM iko, haijaibiwa, lakini nyumba isiyo na nambari mleta barua hawezi kuifikia. Siku hizi mfumo wa biti 64 umemaliza maneno hayo, ila ukiingia BIOS ukakuta chaguo la kuruhusu vifaa kukaa juu ya 4G, hii ndo asili yake.

Ghorofa nyingine ni kengele. PCI ilikuwa na waya nne za intarapti za kugawana, kwa hivo kengele ikilia prosesa amuulize kila aliye kwenye waya ule, wewe? wewe? ni wewe? PCI Express haina waya wa kengele hata mmoja. Kifaa kinachotaka kusikizwa kinaandika ujumbe mdogo kwenye anwani fulani ya kumbukumbu, hii yaitwa MSI, na mtindo wake mpana MSI-X unaruhusu kifaa kimoja kuwa na ujumbe tofauti hadi 2048. Mfumo usiojua MSI haukwami, kwa kuwa PCI Express inaigiza kengele za zamani ili wazee wasibabaike. Lakini kuigiza kuna gharama, na diski ya NVMe inayotaka kila kiini cha prosesa kiwe na foleni yake na kengele yake, ukiirudisha kwenye kengele moja ya kugawana umeirudisha Likoni.

Halafu umeme. Hili ndo lililonifanya niache kuamini neno kusapoti. PCI Express ina utaratibu uitwao ASPM, barabara isipopitwa na mzigo inasinzia kidogo ili kuokoa betri. Lakini BIOS ina haki ya kuandika kwenye jedwali lake kwamba ASPM hapa msiiguse. Linux 2.6.38 ya 2011 ikalisoma lile neno kwa uaminifu, ikasema sawa, basi tunaizima kila mahali, hata kwenye vifaa ambavyo BIOS yenyewe ilikuwa ishaviwasha. Laptopu zikaanza kula betri na watu hawaelewi kwa nini, mashine ni ile ile, PCI Express ni ile ile. Mwisho wa mwaka ule Matthew Garrett, mmoja wa waandishi wa Linux, akatengeneza marekebisho, na alichokiona ni kwamba Windows ikikutana na neno lile haizimi wala haiwashi, inaacha kila kitu kama ilivyokikuta. "Msiguse" maana yake ilikuwa msiguse kweli. Viwanda vinajaribu mashine zao na Windows, kwa hivo ilivyoelewa Windows ndo inakuwa sheria, hata kama kwenye karatasi pameandikwa vingine. Mimi nimeona mikataba ya nyumba hapa mjini ina tabia hiyo hiyo.

Kuchomeka wakati mashine inawaka nitalipita haraka. Thunderbolt ya 2011, na ya tatu ya 2015 iliyohamia kwenye tundu la USB-C, inapitisha PCI Express ndani ya waya wa nje, na USB4 ya 2019 imerithi mambo hayo. Tamu sana, wachomeka kisanduku chenye kadi ya picha kwenye laptopu. Lakini kumbuka kifaa cha PCI Express kina ruhusa ya kuandika kwenye RAM moja kwa moja bila kumpitia prosesa, kwa hivo tundu lile ni kama kumpa mgeni wa barazani ufunguo wa chumba cha kulala. Linux ikaweka ruhusa za Thunderbolt kwenye 4.13 ya 2017, Windows 10 ikaweka ulinzi wake kwenye toleo la 1803 la 2018, wote mwishowe wakitegemea kitu kiitwacho IOMMU ambacho kinamwekea kila mgeni mipaka yake. Laptopu ya kabla ya hapo, usiiache imewaka hotelini.

Sasa nirudi kwa mzee wangu maana alikuwa bado ananingoja.

Nikachomeka kile kikadi, nikawasha. Kwenye orodha ya vifaa ya Windows 7 kikatokea, alama ya njano ya mshangao, kifaa kisichojulikana. Yaani hodi ilibishwa, kifaa kikaitika, jina likasomwa. Na diski hakuna. Hapo ndo ile nusu ya uongo kwenye jibu langu ikajitokeza, kwa sababu kujua kwamba mgeni yuko mlangoni si kujua lugha yake. NVMe ni lugha, si basi. Toleo lake la kwanza limetoka Machi 2011, na Windows 7 ishakuwa madukani tangu 2009, itajuaje lugha ambayo haijazaliwa. Linux ilipata draiva yake, yaani programu ya kuongea na kifaa, kwenye 3.3 mwaka 2012, Windows 8.1 ya 2013 ikaja nayo ndani, na Windows 7 ikaja kuwekewa kiraka 2014, ambacho kama mashine haikupata apdeti zake basi haina. Nikakitafuta kiraka, nikakiweka, nikawasha upya, mshangao ukaondoka, diski ikatokea.

Mzee akafurahi, akasema haya, sasa hamishia Windows yote humu iwe inawaka haraka. Nikahamisha. Nikazima, nikatoa diski ya zamani, nikawasha. Skrini nyeusi, hakuna diski ya kubutia.

Hili nalo lina sababu yake na ni la kabla ya mfumo endeshi kabisa. Kompyuta ikiwaka, Windows haipo bado, iko ndani ya diski imelala. Wa kwenda kuichukua ni BIOS, kwa hivo BIOS nayo yataka kujua lugha ya NVMe kwa kichwa chake yenyewe, na mashine nyingi za kabla ya 2014 huko hazijui. Kiraka cha Windows hakisaidii kitu, ni kama mkalimani aliyefungiwa ndani ya chumba ambacho ufunguo wake anao yule anayemngoja mkalimani. Wapo wanaozichokoa BIOS wakaingiza draiva wenyewe, mimi kwenye mashine yenye hesabu za duka la mtu sifanyi hivo.

Na msidhani ni ya vikongwe peke yao. Laptopu mpya za Intel, kuanzia kizazi cha 11, nyingi zatoka kiwandani zimewashwa kitu kiitwacho VMD, ambacho kinakaa mbele ya diski ya NVMe na kuificha nyuma yake. Ukija na flashi yako ya kuinstoli Windows inakwambia hakuna diski, na mteja ashaanza kukuangalia vibaya. Ama uipe draiva ya VMD kutoka kwenye flashi ya pili, ama uingie BIOS uizime VMD kabla hujaanza. Ila ukiizima kwenye mashine ambayo Windows ishawekwa nayo imewashwa, mara nyingi utapata skrini ya buluu wakati wa kuwaka, basi irudishe kama ilivyokuwa na usimwambie mtu diski imekufa.

Kwa mzee nikarudisha diski ya zamani iwe ya kuwashia, NVMe nikaifanya ya pili, nikahamishia humo mafaili yote ya ile programu ya stoo ambayo ndo ilikuwa nzito. Nikajaribu kunakili faili kubwa nione kasi. Ikanakili, lakini kwa unyonge, robo ya nilichotarajia.

Nikawasha Linux kutoka kwenye flashi, nikaandika lspci -vv, amri ya kuorodhesha vifaa vya PCI, kama msimamizi. Ukiandika hii kwenye kila kifaa utaona mistari miwili, LnkCap ambayo ni kifaa kinavyoweza, na LnkSta ambayo ni kilivyokubaliana na sloti asubuhi hii. Manake kila mashine ikiwaka, kadi na sloti hufanya mapatano wenyewe kabla ya BIOS kuingilia, barabara ngapi ziko hai na twende mwendo gani, kutoka 2.5 ya toleo la kwanza (zahesabiwa kwa GT/s, uhamisho bilioni kwa sekunde), 5 ya 2007, 8 ya 2010, 16 ya 2017, 32 ya 2019, na kuendelea hadi 64 ya 2022 na 128 ya 2025. Barabara ikiwa mbovu hawagombani, wanaiacha na kutumia zilizobaki kimya kimya, na mfumo endeshi haukulalamikii kwa chochote, kwake yeye kila kitu kiko sawa na kinasapotiwa. Ya mzee ilisema uwezo ni x4 kwa mwendo wa 8, na hali ya sasa ni x1.

Nikaichomoa. Meno ya dhahabu ya kadi yalikuwa safi, mpya. Nikamulika tochi ndani ya sloti, utando wa kijani umekaa pembeni, duka liko wazi barabarani na hewa yetu ya chumvi mwaijua. Kibrashi, spiriti kidogo, nikasugua, nikaacha feni iikaushe huku mzee akininunulia kahawa tungu na kashata mbili. Nikarudisha, nikawasha, nikaandika tena.

x4.

Mzee akavaa miwani akasogea kwenye skrini. "Hiyo ndo Windows imekubali?"

"Hii Windows haijui hata habari yake, mzee."